Divai ya Dodoma tuionje mlangoni kwa mwenye shamba

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali waliokutana Kipalapala, Tabora.)



Mmeniomba nizungumze juu ya matembezi ya mapumziko, nami nimechagua matembezi ambayo wengi wetu tunadhani ni ya wageni wenye kamera shingoni: kwenda katika mashamba ya mizabibu, kuingia katika kiwanda kidogo cha mwenye shamba, na kuonja divai yake pale pale inapotengenezwa. Najua kwamba ukumbini humu wamo ndugu ambao dini yao au uamuzi wao hauwaruhusu kugusa kileo. Nawaomba wanivumilie, maana sikuja kusifu ulevi. Nataka tuulizane nani anapata nini katika chupa moja.

Kwa jambo hili Kipalapala ni mahali panapofaa kuliko mnavyodhani. Lugha yetu ina majina mawili ya kinywaji hiki. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, huko pwani. Neno divai ni la Kifaransa, na hapana shaka wamisionari ndio walioliingiza katika vinywa vya watu wa bara. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878, na miaka michache baadaye walikuwa na kituo chao hapa hapa Kipalapala. Sheria ya Kanisa lao inataka divai ya misa iwe ya zabibu halisi. Asali haifai, mtama haufai. Kwa hiyo tone lolote lililoingia katika kikombe cha altare lilipaswa kutoka ng'ambo, kisha kupandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Ikumbukwe kwamba Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani mpaka kufika Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Reli ilifika hapa mwaka 1912 tu.

Sasa angalieni kichekesho cha historia. Katika njia ile ya misafara, nchi iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa Ugogo: jua kali, maji ya shida, na hongo ya kulipa kwa kila mtawala. Wapagazi walivuka nchi ile wakiwa na mizigo ya kizungu vichwani, wakimwomba Mungu waimalize upesi. Wala hapakuwa na mtu, mweupe au mweusi, aliyeweza kubashiri kwamba mchanga ule ule uliowachoma nyayo siku moja ungeotesha mizabibu.

Ilianza pale wamisionari wa Bihawana, karibu na Dodoma, walipopanda mizabibu kwa ajili ya mahitaji yao. Ikastawi. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi kiasi, udongo haushiki maji mengi, na mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe kwa mkasi wake: akipogoa na kumwagilia, unachipua upya, na baada ya miezi minne hivi zabibu zimeiva. Ndiyo maana wenzetu wa huko huvuna mara mbili, mara moja kuelekea mwezi Machi, na mara nyingine Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo bora, kwa sababu mvua huleta ukungu na kuzimua utamu. Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kimefanya kazi kubwa juu ya mbegu na upogoaji, na jina la Makutupora limekuwa jina la zabibu nyekundu ambayo wakulima wa Dodoma wanaipenda kuliko nyingine.

Kwa hiyo ardhi haikutuangusha. Mashaka yetu yamo katika soko.

Zabibu haisubiri. Mahindi utayaweka ghalani, karanga utaziweka guniani, lakini zabibu iliyoiva ikikaa siku chache juani haina bei tena. Wakati wa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja, na divai ya Dodoma ilijulikana nchi nzima. Baadaye kilikuja kiwanda cha DOWICO. Katika miaka ya 1990 mpango ule ukavunjika, na wakulima wengi wakang'oa au wakaitelekeza mizabibu yao. Kisha kilimo kikafufuka: kampuni ya CETAWICO ikajenga kiwanda Hombolo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengine wakafuata, na mashamba ya umwagiliaji yakafunguliwa Chinangali katika wilaya ya Chamwino. Serikali nayo ikaweka ushuru mdogo kwa divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa nchini. Hata hivyo kilio hakikwisha. Mara nyingi zabibu zimeivia shambani mnunuzi hajafika, au amefika akiwa na bei yake mkononi. Mkulima hukamua mwenyewe, akahifadhi mchuzi wa zabibu katika matanki ya plastiki, na kungoja. Mwenye kungoja, sote tunajua, hana nguvu ya kupatana bei.

Hapo ndipo matembezi ya kuonja yanapoingia. Mkulima mwenye ekari mbili na matanki machache, anayejua kuchachusha mchuzi wake kwa usafi, akiuza chupa mlangoni kwake anapata bei ya chupa. Akiuza kilo ya zabibu kando ya barabara anapata bei ya kilo. Tofauti ya bei hizo mbili inaweza kusomesha mtoto. Lakini chupa isiyo na jina nani ataichukua dukani? Hataichukua mtu mpaka awe ameionja, na pa kuionja ni pale inapotengenezwa, mbele ya mtu aliyeitengeneza, ambaye unaweza kumwuliza.

Jambo hili si geni duniani. Wajerumani waliitangaza Njia yao ya Divai mwaka 1935. Wafaransa wa Alsace wakafuata mwaka 1953. Katika bara letu, wa kwanza kusikika ni wenye mashamba watatu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, Frans Malan, Niel Joubert na Spatz Sperling, ambao mwaka 1971 waliunganisha milango ya mashamba yao ikawa njia moja ya wageni. Wazo lenyewe Malan alilitoa Ufaransa. Leo njia ile ina mashamba mengi, na watu huzunguka wakionja toka mlango hadi mlango.

Ila sitawasimulia habari za Stellenbosch nusu. Mwaka 1971 ni mwaka wa ubaguzi wa rangi ukiwa katika ukali wake, na aliyekuwa akichuma zabibu zile hakuwa mgeni wa kuonja. Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba ya huko walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Utaratibu huo uliitwa dop. Uliendelea kwa miaka mingi hata baada ya sheria kuukataza, na madhara yake yamebaki: jimbo la Western Cape linajulikana na madaktari ulimwenguni kwa wingi wa watoto waliozaliwa na kasoro kutokana na ulevi wa mama mjamzito. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tuige njia za divai za wenzetu, mwulize kwanza anataka kuiga nini. Mlango ulio wazi kwa mnunuzi, tuuige. Divai badala ya ujira, hata kidogo.

Nami nina swali langu ambalo huliuliza kila ninapoingia katika kiwanda kidogo cha aina hii. Humwuliza anayepogoa, au mama anayechuma: je, umekwisha kuionja? Katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, mama aliyekuwa akiosha kreti alicheka, akasema anaijua kwa harufu tu. Sidhani kwamba alikuwa amekatazwa. Haikumpitia mtu akilini kumpa. Akina mama hawa ndio wanaojua shada lipi limeiva na lipi limeguswa na ukungu, na kiwanda kinachowaacha nje ya kuonja kinajinyima walimu wake.

Sasa niseme kidogo juu ya kuonja kwenyewe, maana baadhi yenu mnaogopa kuaibika. Hakuna siri. Inua bilauri mbele ya karatasi nyeupe, utazame rangi. Divai nyekundu hupata rangi yake kwenye maganda, ambayo huachwa ndani ya mchuzi wakati wa kuchachuka. Nyeupe huondolewa maganda mapema. Izungushe, uinuse. Ukinusa siki, hewa imeingia; ukinusa yai bovu au kitambaa kichafu, kuna kosa katika uchachushaji au usafi. Kisha chukua tone, lizungushe mdomoni, ulisikilize kwenye ulimi: utamu, uchachu, na ule ukavu wa maganda unaokamata fizi. Halafu teme. Naam, teme! Ndoo imewekwa kwa kazi hiyo, na anayetema ndiye anayeheshimiwa, kwa sababu anaweza kuonja aina sita na bado akarudi kwenye gari akijua jina lake. Walevi hawafai kuonja, kama kiziwi asivyofaa kusahihisha kwaya.

Mtagundua kwamba divai zetu nyingi ni tamu mno. Nadhani sababu ni kwamba watengenezaji wanatuogopa. Wanaamini kwamba Mtanzania hataki ila utamu, na hakuna aliyekuja mlangoni kuwaambia vingine. Mnunuzi asiyeonekana hukisiwa, na mara nyingi hukisiwa vibaya.

Hapa nawageukia watumishi wa serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Tangu mwaka 2016 wizara zimehamia kweli, na mwaka 2018 sheria ikaitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Maelfu ya wenzenu sasa wanalala umbali wa mwendo mfupi kutoka Hombolo, Bihawana na Makutupora. Mkulima wa Dodoma hakupata kuwa na jirani wa namna hii: mwenye mshahara wa kila mwezi, mwenye siku ya Jumamosi, na mwenye shughuli za kukaribisha wageni. Lakini mara ngapi tumeketi katika tafrija ya kiofisi hapo hapo Dodoma, na chupa iliyofunguliwa imevuka bahari mbili? Sisemi tununue kibaya kwa sababu ni cha kwetu. Nasema wengi wetu hatujui kama ni kibaya, kwa kuwa hatujawahi kwenda kukionja.

Msidhani nimekuja Tabora kuwasifia nchi ya jirani tu. Ninyi mnayo mizabibu yenu, nayo ni miombo. Mtundu ukichanua, nyuki hufanya kazi ambayo mapadre wa Bihawana walihitaji jembe kuifanya. Asali ya Unyamwezi ilisafiri katika njia ya misafara kabla ya chupa ya kwanza ya divai, na tangu mwaka 1978 Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki. Wanzuki, yaani asali na maji vilivyochachuka, ni divai kwa kila kipimo isipokuwa heshima: huuzwa kwa kata, haraka, kabla haijakolea kupita kiasi. Sioni sababu asali yenyewe, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, ya msimu huu na ya msimu uliopita, isionjwe kwa utaratibu ule ule, kijiko baada ya kijiko, mlangoni kwa mfugaji. Na katika hili hata ndugu zangu wasiogusa kileo watakaa meza moja nasi. Mtu aliyeonja asali ya miombo na kuilipia bei yake ataelewa vizuri kuliko kwa hotuba yangu gharama ya kuni zinazokaushia tumbaku.

Na njia yenyewe ipo. Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006, na Kwihara, alikokaa Livingstone, ni moja ya vituo vyake. Mgeni anayefika Kwihara leo hutazama tembe, akapiga picha, akaondoka bila kununua hata kijiko cha asali.

Kwa wale watakaopenda kwenda Dodoma: piganeni simu na mwenye kiwanda kabla ya kufika, kwa sababu wengi wao wako shambani. Lipieni mnachoonja, hata kama hamkudaiwa. Mwendeni kwa kikundi, na dereva asiguse. Mwalimu atakayengoja likizo ya Juni atakuta zabibu bado mbichi. Atakayepata ruhusa ya siku tatu mwezi Agosti atakuta mikasi ikilia na mchuzi ukichuruzika.