Mipaka Iliyo Hai: Seli ya Jani la Chai na Seli ya Damu

Kijana aliyemaliza shule ya sekondari hapa Gesima, Nyamira, atakutajia sehemu za seli bila kusita: utando, saitoplazimu, kiini, mitokondria. Akifika kwenye mmea ataongeza ukuta wa selulosi, kloroplasti na vakuoli kubwa. Orodha hiyo ni sahihi, na mitihani huipa alama. Hata hivyo, mtu anaweza kuikariri yote asijue kwa nini seli ni kitu hai. Dai langu ni kwamba uhai wa seli hautokani tu na vitu vilivyomo. Unatokana pia na namna vilivyotengwa, kila kimoja mahali pake, kwa mipaka inayochagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Ushahidi nitautoa mahali pawili ambapo watu wa Gesima hawahitaji kuelekezwa: kwenye majani ya chai na kwenye damu.

Mchumaji wa majani mawili na chipukizi hukatazwa kuyashindilia kapuni, na yakifika kwenye kituo cha kununulia yamepondeka na kuanza kuwa mekundu, karani huyakataa. Amri hiyo ina msingi wake ndani ya seli. Vakuoli ya seli ya jani la chai huhifadhi kemikali chungu ziitwazo katekini. Nje ya vakuoli, hasa katika kloroplasti, kuna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidasi, ambacho kazi yake ni kuziunganisha katekini na oksijeni. Viwili hivi vinakaa katika seli moja, na kinachovitenga ni tando zisizofika hata sehemu moja ya elfu moja ya milimita kwa unene. Jani likiwa zima, havikutani. Katika viwanda vya Nyansiongo, Kebirigo au Tombe, majani hunyaushwa kwa saa nyingi ili yapungue maji, kisha hupitishwa kati ya rola zenye meno zinazoyasaga, kuyararua na kuyakunja. Tando hupasuka, kimeng'enya hukutana na katekini, na katika muda wa saa moja au mbili hivi rangi ya kijani huwa ya shaba. Joto la kikaushio ndilo linalokomesha kazi hiyo. Chai nyeusi, basi, ni zao la mipaka iliyovunjwa kwa makusudi na kwa kipimo. Jani lililopondeka kapuni limevunjwa mipaka kabla ya wakati na bila kipimo.

Huenda mtu akasema kwamba kinachobadilisha jani ni hewa, wala si kupasuka kwa tando. Oksijeni inahitajika, hilo ni kweli. Lakini jani lililo kwenye mche limezungukwa na hewa, na mchana hutengeneza oksijeni lenyewe, lakini halibadiliki rangi. Tena, watengenezaji wa chai ya kijani hulipitisha jani kwenye mvuke kwanza, joto likakiharibu kimeng'enya, ndipo hulikunja. Tando zimevunjika, hewa ipo, katekini zipo, na chai inabaki ya kijani. Mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba mabadiliko yanahitaji kimeng'enya kilicho kizima na mpaka uliobomoka. Tuzingatie jambo moja zaidi: dakika ile jani linaposagwa, karibu kila kitu kilichokuwamo bado kimo, pamoja na kiini na jeni zake. Kilichopotea ni mpangilio, na uhai umekwenda nao.

Tukigeukia damu, seli ya mnyama haina ukuta, na tofauti hiyo si ndogo. Mvua ikinyesha, seli za mche wa chai hufyonza maji, vakuoli hujaa na kuubana ukuta wa selulosi, ukuta nao huzuia, na jani husimama imara. Ukiweka seli nyekundu ya damu katika maji matupu, huvimba hadi ikapasuka, kwa kuwa ina utando pekee. Ndiyo sababu hospitali haimtundikii mgonjwa dripu ya maji matupu. Maji ya dripu hutiwa chumvi ya asilimia 0.9, au kitu kingine kinacholeta uwiano na damu. Seli nyekundu ikipasuka, himoglobini humwagika nje na inaweza kuziumiza figo. Ni himoglobini ileile iliyokuwa ikibeba oksijeni. Kilichobadilika ni mahali ilipo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanajenetiki. Watasema asili ya yote ni jeni, na kwamba tando hutengenezwa kwa maagizo yake. Watatoa mfano wa ugonjwa wa selimundu: badiliko la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini huweka valini mahali pa asidi ya glutamiki, na mtu aliyerithi nakala mbili za jeni hiyo akaugua. Ninaukubali mfano huo, na ninautumia upande wangu. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria, lakini hufanya kazi kwa takriban siku 120. Na kwa kukosa mitokondria, haitumii oksijeni iliyopewa kubeba. Jeni zilihitajika kuijenga. Kinachoiendesha baadaye ni vimeng'enya vyake pamoja na utando unaosukuma sodiamu nje na kuiweka potasiamu ndani. Katika selimundu pia, madhara hutokea pale himoglobini iliyoishiwa oksijeni inapojipanga kuwa nyuzi, zikausukuma utando hadi seli ikapinda, ikawa ngumu na kuziba mishipa myembamba. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha katika makala za mwaka 1954 kwamba wenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Alikuwa amekuta wengi wao pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu, ambako malaria ilikuwa haba. Jeni ilidumu kwa sababu ya yale inayoyatenda ndani ya seli, huko ambako kimelea cha malaria hujificha na kuzaana.

Nisieleweke kwamba mpaka ni kufunga. Seli iliyozibwa kabisa ingekufa kama iliyopasuka, maana sukari, maji na oksijeni lazima viingie na taka zitoke. Nguvu ya utando ni kuchagua.

Kwa hiyo ninawasihi walimu wa biolojia wa Gesima na kwingineko wasiishie kwenye mchoro wenye mishale na majina. Kwa kila sehemu ya seli, mwanafunzi aulizwe maswali mawili: imetenga nini na nini, na mpaka wake ukivunjika kutatokea nini? Jani moja la chai likiachwa zima na jingine likasuguliwa viganjani, yatampa sehemu ya jibu kabla ya kipindi kwisha, hata katika shule isiyo na hadubini.