Protini ya Siku kwa Kipimo cha Kiganja

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, ni gramu 48. Mizani ya jikoni si lazima: yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Kipande cha samaki kinachoenea kiganjani, bila vidole, hukaribia 20. Wajawazito na wanaonyonyesha wanahitaji zaidi, nao ndio mara nyingi huachiwa mchuzi mtupu, hilo linaniuma. Andika unachokula kwa wiki moja, hata nyuma ya daftari la matumizi. Wengi wataona pengo liko asubuhi: chai ya rangi na kitumbua. Hapo ongeza yai, au maharage ya kiporo.