Maziwa ya Mtoto na Mizani ya Mfanyabiashara

Dominika ya 25 ya Mwaka C



Katika somo la kwanza la Dominika hii tumemsikia nabii Amosi akiwakemea wafanyabiashara wa Israeli. Waliingoja kwa pupa sabato ipite ili wafungue maghala yao. Walipunguza kipimo, wakaongeza bei, na hata makapi ya ngano wakayauza kama chakula. Pengine twadhani hayo ni mambo ya kale. La hasha! Hebu tuyatazame katika kitu kidogo kabisa: kopo la maziwa ya unga ya mtoto mchanga.

Mwaka 2008, nchini China, iligundulika kwamba maziwa ya watoto yalikuwa yametiwa melamini, kemikali itumikayo kutengenezea plastiki na gundi. Maziwa yalikuwa yameongezwa maji, na kemikali hiyo ilitiwa ili vipimo vidanganyike na kuonyesha protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi wakipata mawe katika figo, na serikali ilitangaza vifo sita. Mwaka 2009 watu wawili waliuawa kwa hukumu ya mahakama. Lakini imani iliyokwisha kufa mioyoni mwa wazazi haikufufuliwa na hukumu hiyo.

Tangu hapo wazazi wengi wa China walitafuta maziwa ya nchi za nje kwa gharama yoyote. Huko Australia, wanafunzi na wahamiaji walianza kununua makopo madukani, hasa siku za punguzo la bei, na kuyatuma China yakauzwe kwa bei ya juu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2015 rafu za maduka mengi ya Australia zilikuwa tupu, na akina mama wakazunguka duka hadi duka. Maduka yaliweka kikomo cha makopo kwa kila mteja. Wapo waliorudi kwenye foleni mara ya pili. Hong Kong nayo, tangu tarehe 1 Machi 2013, ilimkataza msafiri kutoka na zaidi ya kilo 1.8 za maziwa hayo, yaani kiasi cha makopo mawili. Biashara ya Australia ilipungua sana mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19.

Sasa tujiulize: dhambi iko wapi? Tusiwe wepesi wa kumhukumu mama wa China aliyelipa bei kubwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wala si dhambi ndugu kumtumia ndugu yake makopo mawili, wala mfanyabiashara kupata faida halali ya jasho lake. Ubaya waanza pale ambapo punguzo la bei, lililo nafuu kwa mzazi wa kipato kidogo, lageuzwa kuwa mtaji wa mwenye fedha. Pale ambapo rafu tupu si bahati mbaya tena, bali ndiyo faida yenyewe. Tumkumbuke mtoto yatima, na yule ambaye mama yake ni mgonjwa na hawezi kumnyonyesha. Kwake yeye kopo hilo si bidhaa. Ndicho chakula pekee alicho nacho.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, ikifafanua amri ya saba, yatufundisha kwamba kupandisha bei kwa kutumia shida au ujinga wa mwenzako ni kosa, hata kama sheria ya nchi haikukataza. Sisi Watanzania tunalo neno lake: ulanguzi. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi waliozificha bidhaa ambazo wananchi walizikosa madukani.

Ndugu wapendwa, tazameni jinsi makosa mawili yanavyoshikana mikono. Aliyetia kemikali katika maziwa alipanda hofu. Mlanguzi akaja kuivuna. Mmoja aliharibu chakula, wa pili alikiondoa mezani, na kati yao yupo mtoto asiyeweza hata kusema kwamba ana njaa. Ndivyo alivyo mtu aliyekubali kuitumikia mali: hamwoni tena anayesimama nyuma yake katika foleni.

Basi twawaomba ninyi makatekista mlipeleke fundisho hili katika jumuiya ndogondogo. Muuzaji wa maziwa asitie maji katika ndoo yake. Mwenye duka asiifiche sukari akingoja bei ipande. Nasi tunaonunua, tukikuta bei imepunguzwa, tujiulize kabla ya kujaza kikapu: je, tumemwachia nini atakayekuja baada yetu?

Mwenyezi Mungu atujalie mizani ya haki mikononi na huruma mioyoni. Amina.