Televisheni ya Analojia Tanzania: Ilivyoingia, Ilivyozimwa na Deni Lililobaki Ukanda wa Dhahabu

Shinyanga mjini kuna kata ya Kambarage, na uwanja wa mpira unaojulikana nchi nzima unaitwa Kambarage. Mwenye jina hilo, Julius Kambarage Nyerere, ndiye aliyeweka msimamo ulioiacha Tanzania Bara bila televisheni kwa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Dar es Salaam ilibaki na redio. Kwa Mwalimu, televisheni ilikuwa anasa ya watu wachache wa mjini, na nchi ambayo wengi wa watu wake waliishi vijijini isingetumia fedha zake chache kuwaburudisha hao wachache. Redio Tanzania Dar es Salaam ilimfikia mkulima wa pamba wa Usukuma shambani kwake, kwa betri, na ndiyo iliyobeba kampeni kubwa kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973.

Msimamo huo umebezwa sana, na mara nyingi bila haki. Swali aliloliuliza Mwalimu, kwamba nani atalipa ili mtu wa kijijini naye aone, ndilo swali lililoshindwa kujibiwa vizuri nchi ilipozima mitambo ya analojia. Mada hii inalirudia, kwa sababu Shinyanga na Geita ni mahali ambapo jibu lake linaonekana kwa macho.

Zanzibar ilikwenda njia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Televisheni Zanzibar, ikarusha picha za rangi wakati mataifa makubwa ya bara hili yalikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe. Mawimbi hayajui mipaka ya Muungano, na baadhi ya wakazi wa pwani ya Bara wenye antena ndefu waliitazama TVZ kwa miaka mingi kabla ya kuwa na kituo chao wenyewe.

Mlango wa Bara ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu watu binafsi kumiliki vituo na iliyounda Tume ya Utangazaji. Mwaka 1994 ITV ya mfanyabiashara Reginald Mengi iliingia hewani, na vituo vingine vya Dar es Salaam, CTN na DTV, vikawa katika wimbi hilohilo la kwanza. Televisheni ya Taifa, TvT, ilikuja nyuma ya watu binafsi, mwaka 1999. Iliunganishwa na Redio Tanzania kuwa Taasisi ya Utangazaji, kisha mwaka 2007 likazaliwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Nchi nyingi za Afrika zilianza na televisheni ya serikali, zikawaruhusu wafanyabiashara baadaye. Bara lilianza na wafanyabiashara, na mfanyabiashara husimika mnara palipo na wateja wa matangazo. Ndiyo maana ramani ya analojia ilikuwa ramani ya miji.

Kanda ya Ziwa ilipata bahati yake. Star TV ya Sahara Media Group ilijengwa Mwanza, si Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza habari za Shinyanga, Kahama na Geita ziliwafikia watazamaji wa nchi nzima zikitokea huku huku. Mnada wa ng'ombe, bei ya pamba, ajali ya machimboni: mambo hayo yalipata kamera iliyokuwa safari ya saa chache tu kwa gari. Umuhimu wa jambo hilo hautajwi inavyostahili katika historia za utangazaji zinazoandikwa Dar es Salaam.

Analojia yenyewe ilikuwa teknolojia ya uvumilivu. Mawimbi yake hudhoofika kidogo kidogo kadiri mtu anavyokaa mbali na mnara, na picha huharibika kwa kiwango hichohicho. Aliyekaa karibu aliona picha safi. Aliyekaa mbali aliona chenga, lakini nyuma ya chenga alimwona msomaji wa taarifa ya habari na alimsikia. Kila mwenye umri wa kutosha anakumbuka kazi ya antena: mmoja yuko nje ameshika mlingoti wa mti, anauzungusha taratibu, mwingine yuko ndani mbele ya TV ya chogo anapaza sauti, "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" Gharama ya kuona ilikuwa TV, waya, antena na umeme. Baada ya hapo hakuna aliyedaiwa kitu.

Ila tuseme ukweli: sehemu kubwa ya ukanda huu wa dhahabu haikupata hata chenga. Mnara mmoja hutosha kwa makumi ya kilometa, na vilima na mabonde hupunguza zaidi. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001, watu walimiminika kutoka kila mkoa. Pembezoni mwa migodi hiyo, na kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, televisheni haikuletwa na mnara. Ililetwa na ungo. Madishi yale makubwa ya futi sita na futi nane yalinasa chaneli za nyumbani moja kwa moja kutoka kwenye satelaiti, bila kadi wala malipo ya mwezi.

Na ungo ulizaa kibanda umiza. Turubai au mabati, mabenchi ya mbao, TV juu ya rafu yenye kufuli, jenereta nje likinguruma, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki mechi za siku hiyo. Mchimbaji aliyetoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na vumbi mwilini alilipa kiingilio kidogo na kukaa bega kwa bega na mwenye karasha ya kusagia mawe na muuza mihogo. Viongozi wa vijiji wamevilaumu vibanda hivi kwa watoto watoro na picha zisizofaa, na lawama nyingine ni za kweli. Lakini kwa miaka mingi hicho kibanda ndicho kilichokuwa ukumbi wa umma wa kutazama pamoja taarifa ya habari, hotuba na mpira. Mtafiti atakayeandika historia ya televisheni Tanzania bila kukitaja atakuwa ameandika historia ya sebule za mjini tu.

Uamuzi wa kuzima analojia haukuzaliwa nchini. Mwaka 2006 mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano mjini Geneva ulikubaliana kwamba nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zihamie dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa mawimbi ya analojia. Sababu ya kiufundi ilikuwa nzito. Njia moja ya analojia yenye upana wa megahezi 8 hubeba kituo kimoja. Njia hiyohiyo ikirusha dijitali hubeba vituo kumi na zaidi. Masafa yanayobaki yanaweza kupewa simu na intaneti.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimeshikana: kutengeneza vipindi na kuvirusha. Kampuni tatu zilipewa leseni za kujenga miundombinu ya kurushia: Star Media, iliyounganisha TBC na StarTimes ya China, Agape Associates, wenye king'amuzi cha Ting, na Basic Transmissions. Tanzania haikungoja 2015. Saa sita usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 analojia ilizimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo. Dodoma na Tanga zikafuata mwisho wa Januari 2013, Mwanza tarehe 28 Februari, Arusha na Moshi mwezi Machi, Mbeya mwezi Aprili. Awamu ya pili ilianzia Singida na Tabora tarehe 31 Machi 2014.

Ujasiri huo unastahili sifa. Kenya iliyochelewa iliingia kwenye kesi hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2015 vituo vyake vikubwa, Citizen, NTV na KTN, vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Tanzania haikuonja giza la namna hiyo. Hata hivyo wamiliki wa vyombo vya habari walilalamika mapema mwaka 2013 kwamba watazamaji wamepungua na matangazo yameporomoka, wakaomba analojia na dijitali zirushwe pamoja kwa muda. Ombi lao halikukubaliwa.

Kilichotokea usiku ule wa Desemba 2012, ukiacha lugha ya teknolojia, ni kuhama kwa gharama. Zamani mwenye kituo ndiye aliyebeba mzigo wa kumfikia mtazamaji. Tangu hapo mtazamaji hubeba mzigo wa kukifikia kituo: anunue king'amuzi, akiunge kwenye chogo lake kwa waya wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, kisha mara nyingi alipie kifurushi. Mataifa tajiri yaliliona hilo. Marekani, kabla ya kuzima Juni 2009, iligawa kuponi za dola 40, hadi mbili kwa kila nyumba, ili watu wanunue ving'amuzi. Uingereza, iliyomaliza kuzima Oktoba 2012, iliwasaidia wazee wa miaka 75 na kuendelea na watu wenye ulemavu kununua na kufungiwa vifaa. Kama nchi zenye kipato hicho ziliona ni lazima kumshika mkono mtazamaji, haikuwa haki kumwachia mama wa Kishapu ajitegemee.

Dijitali nayo haina uvumilivu. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani, picha hugandaganda na kukatika kabisa. Yule aliyekuwa akiona kwa chenga pembezoni mwa mji hakuboreshewa picha; aliipoteza.

Sheria iliahidi kwamba chaneli za kitaifa zisizolipiwa zionekane hata kifurushi kikiisha. TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten, EATV na baadaye Clouds TV ndizo zilizotajwa. Malalamiko ya wateja yalikuwa yaleyale kila mwaka: fedha zikiisha, na chaneli za bure zinaondoka. Agosti 2018 TCRA ilichukua hatua kwa kusimamia masharti ya leseni: ving'amuzi vya dishi, yaani Azam, DStv na Zuku, viliambiwa viache kubeba chaneli hizo kwa sababu leseni zao zilikuwa za kulipia. Kisheria hoja ilikuwa sahihi. Kwa kijiji kilicho nje ya mawimbi ya minara ya nchi kavu, matokeo yalikuwa machungu: kaya iliyonunua dishi kwa sababu hakuna mnara iliamka ikiwa na chaneli za filamu za kigeni bila taarifa ya habari ya ITV. Baadaye chaneli hizo zilirudi kwenye madishi, lakini kipindi kile kilionyesha kwamba wapanga kanuni walikuwa wakitazama ramani ya miji, kama wafanyabiashara wa 1994.

Jambo hili si dogo kwa ukanda huu. Mei na Juni 2017, Rais John Magufuli alipopokea ripoti za makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa kwa makontena, hafla zote mbili zilirushwa moja kwa moja. Makontena yaliyozungumzwa yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, na ajira zilizokuwa hatarini zilikuwa za watu wa Kahama. Kuona taarifa ile siku ileile ilikuwa haki ya mtu wa Kakola, jirani na Bulyanhulu, kabla ya kuwa haki ya mtu wa Masaki, Dar es Salaam. Vivyo hivyo kwenye mpira. Stand United ya Shinyanga ilipocheza Ligi Kuu, na George Mpole wa Geita Gold alipoibuka mfungaji bora wa msimu wa 2021/22 kwa mabao 17, mechi zilikuwa kwenye king'amuzi cha kulipia. Kufikia msimu huo wa Mpole, Azam ilikwisha kununua haki za ligi kwa miaka kumi kwa zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha hizo zimezisaidia klabu kweli. Ila shabiki asiye na kifurushi amerudi palepale, kwenye kibanda umiza.

Fedha za kurekebisha hali zipo. Masafa yaliyoachwa wazi na analojia yana thamani, na mwaka 2018 TCRA iliuza kwa mnada sehemu ya masafa ya megahezi 700, Vodacom wakiwa miongoni mwa walionunua. Kilichouzwa kilikuwa nafasi iliyoachwa na televisheni ya watu wote. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotungiwa sheria mwaka 2006, ulianzishwa kwa ajili ya maeneo ambako mfanyabiashara haoni faida. Halmashauri za Geita, Kahama na Msalala zina sauti katika mipango ya migodi ya kurudisha faida kwa jamii.

Washiriki wa semina hii wanaombwa watoke na mambo matatu ya kuipelekea ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa, Mwanza. Kwanza, kipatikane king'amuzi kimoja cha bei nafuu kinachopokea chaneli zote za kitaifa, kisichojua kifurushi, kiuzwe minadani na madukani kama sabuni. Pili, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uhesabu televisheni kuwa mawasiliano, na vijiji vya machimbo viingizwe kwenye orodha ya minara midogo ya kurudia mawimbi. Tatu, zahanati, stendi na ofisi za vijiji zifungiwe televisheni ya umma kwa fedha za jamii zinazotolewa na migodi, na ratiba ya taarifa ya habari ibandikwe mlangoni. Halmashauri zinapanga bajeti zao kila mwaka, na maombi haya yakifika kabla ya vikao hivyo, yanaweza kuingizwa katika mwaka wa fedha unaofuata.