Kupoa kwa Shangwe: Mafundi wa Programu na Matoleo Mapya ya Zana Zao

Ipo hoja inayorudiwa sana kwamba waandaaji wa programu za kompyuta wamechoka: zamani toleo jipya la lugha ya programu, yaani lugha ambayo kwayo kompyuta huandikiwa maagizo, lilipokelewa kwa vigelegele, ilhali leo hupita bila kutajwa, na kupoa huko eti ni dalili ya uvivu au uzee wa taaluma. Hoja hiyo inastahili kupingwa, si kwa sababu hali inayoielezea haipo, bali kwa sababu imekosea chanzo chake.

Kosa la kwanza ni la kalenda. Kati ya toleo la sita la lugha ya Java, la Desemba 2006, na la saba, la Julai 2011, ilipita takriban miaka minne na nusu, na aliyesubiri muda huo wote alikuwa na haki ya kushangilia. Tangu toleo la tisa, la Septemba 2017, Java hutolewa kila baada ya miezi sita, na kipengele ambacho hakijakamilika husubiri zamu inayofuata. Rust, lugha nyingine, nayo hutolewa kila wiki sita. Hakuna anayepiga ngoma kila basi linapofika kituoni kwa wakati. Walioigawa sherehe moja kubwa kuwa vipande vidogo ni watoaji wenyewe, tena kwa makusudi, ili kuhama toleo kusiwe jambo la kutisha.

Kosa la pili, lililo zito zaidi, ni kusahau gharama. Python 3 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imevunja upatanifu na mtangulizi wake, yaani programu iliyokuwa ikifanya kazi chini ya Python 2 haikuwa na hakika ya kufanya kazi tena. Katika Python 2, 7 kugawanywa kwa 2 hutoa 3, kwa kuwa desimali hutupwa. Katika Python 3 hutoa 3.5. Jibu la pili humfaa zaidi mwanafunzi, lakini hesabu zilizojengwa juu ya jibu la kwanza huanza kupotoka bila onyo lolote, na mwandishi wa mhadhara huu, aliyewahi kukesha na wanafunzi wake wakisaka kosa la namna hiyo, hawezi kuliona jambo hili kuwa la nadharia tupu. Python 2 ilipangwa kuachwa mwaka 2015, ikasogezwa hadi 2020. Aliyeipitia miaka hiyo huuliza kwanza ni kipi kitavunjika, na wanaoliita swali hilo uvivu hawaijui kazi yake.

Mtaalamu wa kompyuta Fred Brooks alikwisha kueleza mwaka 1986 kwamba ugumu mwingine wa programu huletwa na zana na mwingine umo ndani ya tatizo lenyewe, hivyo toleo jipya la zana haliwezi kuondoa ugumu wote. Ni kweli kwamba Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza historia ya mabadiliko ya programu, ilistahili shangwe iliyoipata.

Hata hivyo, kwa zana inayodumu bila kuongezewa mapya, hakuna kielelezo kinachoizidi TeX, mfumo wa kupanga kurasa za vitabu, hasa vya hisabati, ambao Donald Knuth alianza kuubuni mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kuchukizwa na sura ya chapa ya kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1990 alitangaza kwamba hautaongezewa kitu tena ila kusahihishwa makosa, na kila sahihisho huongeza tarakimu moja katika namba ya toleo ili izidi kuikaribia pai: 3.14159265 mwaka 2014, 3.141592653 mwaka 2021. Zawadi ya anayegundua kosa ilipandishwa hadi dola 327.68. Knuth ameagiza kwamba akifa namba hiyo iwe pai yenyewe, na kasoro yoyote itakayosalia ihesabiwe kuwa sehemu ya mfumo.

Watakaojibu kwamba tatizo la TeX ni finyu, ilhali simu na vivinjari hubadilika na kuzilazimisha zana zibadilike, wana haki kwa kiasi. Lakini hata huko yanayobadilika kwa lazima ni machache kuliko yanayotangazwa, na mzigo wa kuthibitisha kinyume chake ni wa anayetoa toleo, si wa fundi anayekataa kulishangilia.