Ombi la Binti Yetu la Kwenda Kurekodi Taita
(Maelezo ya Kamati ya Fedha katika mkutano wa Desemba)



Hesabu za maji na madarasa mmeshazisoma. Tumesimama kwa ombi moja lililotuumiza vichwa.

Binti yetu anayesoma shahada ya pili ya isimu anaomba tumchangie avuke Holili, apite Taveta, akarekodi wazee wa milima ya Taita, Kenya. Swali lililoulizwa kwanza ni hilo mnalojiuliza sasa: fedha za Marangu zikarekodi Wataita kwa nini?

Tulimwita. Akatueleza kwamba wanaisimu huweka Kichaga na Kitaita katika kundi moja. Wazee wa hapa ameshawarekodi likizo mbili: majina ya migomba, sehemu za mfongo, maneno ya kuamulia ugomvi wa maji. Wataita nao walichimba mifereji milimani. Neno likikutwa kwao na kwetu, huenda ni la zamani kuliko kutengana kwetu. Lisipokutwa, inabidi kuuliza tulilipata wapi. Bila upande wa pili, alisema, ana nusu ya hesabu. Hapo wahasibu tulimwelewa.

Kuna jambo letu pia, na tunalisema kwa aibu. Mwaka juzi tulirekodi mzee mmoja kwa simu, saa mbili nzima, juu ya mifongo na waliyoichimba. Simu ikaibiwa stendi. Nakala hatukuwa nayo. Mzee tulimzika kabla hatujarudi kwake.

Hugh Tracey alipita Afrika Mashariki mwaka 1950 akinasa muziki. Wimbo wa mabinti wa Kipsigis, Chemirocha, alioupata Kapkatet, ulirudishwa kwa wenyewe zaidi ya miaka 60 baadaye, kwa sababu kanda zilitunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Kutunzwa kuliwezekana. Kurudishwa ndiko kulikochelewa, na baadhi ya walioimba hawakuwapo tena.

Kwa hiyo tumeweka masharti. Nakala tatu: chuoni, hapa Marangu, na moja kwa Wataita wenyewe, kabla hajaondoka kwao. Mzee akisema jambo fulani la tambiko lisitoke, halitoki. Na fedha ya kibali cha utafiti cha NACOSTI haiguswi kwa matumizi mengine, maana bila kibali hicho safari haipo.

Gharama yote ni shilingi 5,200,000: kinasa sauti na maikrofoni, diski mbili, kibali, nauli, chakula, mkalimani na asante ya wazee. Familia imetoa 1,400,000, chuo kimeahidi 800,000. Pengo ni 3,000,000.

Hatukukubaliana wote. Wajumbe wawili walitaka paa la zahanati litangulie, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana hatuchukui senti kwenye mfuko wa maendeleo. Tunawaomba ninyi, kando. Bahasha za kijani ziko kwa mweka hazina, meza iliyo karibu na mlango. Andikeni jina na kijiji, na msiondoke bila risiti.