Presha na Chakula cha Shambani Kwetu

Ndugu wakulima wa Mbeya na Iringa, kwa kawaida mimi huja na habari za mbolea na mbegu. Leo tuzungumze juu ya mkulima mwenyewe.

Nilimtembelea mkulima mmoja wa viazi, nikamkuta ameketi barazani, mkono wa kulia umepooza. Alikuwa amepimwa akakutwa na presha, akapewa dawa. Baada ya mwezi aliona haumwi popote, akaziacha. Sasa mkewe analima peke yake, na ekari mbili zimegeuka pori.

Ndugu zangu, shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu. Basi la kwanza ni kupima. Na ukipewa dawa, usiache mpaka mganga akuambie.

La pili ni chumvi. Chumvi huzuia maji mwilini, damu ikaongezeka mishipani, moyo ukasukuma kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Hivyo nyumba yenye watu wazima 6, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 16. Je, ya kwako huisha baada ya siku ngapi? Hata hivyo, nunueni ile yenye madini joto, maana huzuia rovu.

La tatu liko shambani. Madini ya potasiamu husaidia mwili kutoa chumvi kwa njia ya mkojo. Yamo katika maharage, viazi, njegere, mchicha, majani ya maboga, na ndizi na maparachichi kama yale ya Rungwe. Lakini sisi hupakia vyote kwenye lori, tukabaki na ugali na chumvi! Tenga debe la nyumbani kabla mnunuzi hajafika. Viazi vichemshwe na maganda yake, na maji ya mboga yasimwagwe, kwani potasiamu huyeyukia humo. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize mganga kwanza.

Ulanzi na komoni navyo tupunguze; pombe hupandisha presha.

Mama akipeleka mtoto kliniki, baba naye afuatane naye, wapimwe wote wawili.